Usuluhishi Usiwe Ngao ya Wapigaji

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kilitamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Zaidi ya miaka hamsini imepita. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Bado wapo viongozi ambao, mke akikimbilia kwao usiku, humhubiria uvumilivu na kumrudisha katika nyumba ile ile aliyoikimbia. Wao huuita usuluhishi. Jina linalokistahili kitendo hicho ni usaliti.

Watetezi wake husema sheria hiyo hiyo ndiyo iliyounda mabaraza ya usuluhishi wa ndoa. Huo ni upotoshaji. Mabaraza hayo yaliwekwa kushughulikia migogoro ya wanandoa kabla shauri la talaka halijafika mahakamani. Kumkaba mtu koo au kumtishia kwa panga ni jinai, na jinai ya uzito huo haimalizwi kwa faini ya mbuzi.

Tuitazame kata ya Mgwashi, wilayani Lushoto. Katika milima ya Usambara, mvua za masika zikikolea njia huwa utelezi mtupu. Mwanamke aliyejeruhiwa, mtoto mgongoni, akiachiwa azunguke peke yake polisi kuchukua fomu ya PF3, kwa mganga ili ijazwe, kisha kwa ofisa ustawi wa jamii, na kila meza ikamtaka aeleze upya aibu yake, mume atapata habari kabla mzunguko haujakwisha. Na saa ya mwanamke kutaka kuondoka ndiyo saa ya hatari kuliko zote.

Vyombo vya kumlinda vipo. Jeshi la Polisi lina madawati ya jinsia na watoto. Mpango wa kitaifa wa kutokomeza ukatili, ulioanza mwaka 2017/18, uliagiza kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kutoka ngazi ya Taifa hadi kijiji. Kinachotakiwa ni vyombo hivyo kufanya kazi kama mkono mmoja. Mtendaji, mganga au mwalimu anayesikia kwanza kwamba mwanamke amekabwa koo au ametishiwa kuuawa, hana budi kuiarifu kamati siku hiyo hiyo. Polisi, afya na ustawi wa jamii wakae pamoja, wapange hifadhi yake na ya watoto, wamteue mmoja wao kufuatilia, na siri ibaki kwao. Mwanamke aeleze mara moja tu.

Wanaong'ang'ania kwamba mambo ya nyumbani hayatoki nje wakumbuke: mficha maradhi, kifo humuumbua.

TANU iliweka usawa wa binadamu kuwa imani yake ya kwanza, na CCM iliirithi imani hiyo mwaka 1977. Kiongozi anayemrudisha mwanamke mikononi mwa mpigaji ameikana. Balozi wa shina ni jirani anayesikia mayowe kabla ya wengine. Ni aibu kwa Chama akiwa wa mwisho kusema.