Gari la Kukokota: Tazama Breki Kabla ya Injini



Mama mmoja wa Kahama ametuletea barua yenye shauri ambalo yafaa lijibiwe hadharani, maana naamini nyumba nyingi za Shinyanga na Geita zimo katika shauri hilohilo. Yeye na mumewe, ambaye ni mfanyakazi wa kinu cha kuchambua pamba, wamedunduliza fedha kwa miaka kadhaa hata wakapata karasha la kuvunjia mawe ya dhahabu pamoja na injini yake ya dizeli. Nia yao ni kulikodisha kwa wachimbaji wadogo wa upande wa Nyarugusu, na kulihamisha kila kazi inapohama. Sasa ametokea mtu anayewauzia gari dogo la mizigo, la zamani, pamoja na tela lililochomelewa mtaani. Baba amekwisha kulipenda. Fundi amemhakikishia kwamba injini ni nzima na kwamba gari hilo linavuta kama jozi mbili za maksai. Mama anauliza: je, tulinunue?

Nimeisoma barua hiyo mara mbili, nikaona kwamba fundi amejibu swali ambalo halikuwa na haja ya kuulizwa. Kuvuta si kazi kubwa. Katika gia ya kwanza, kwenye barabara ya tambarare, karibu kila gari zima linaweza kuanza kuvuta mzigo unaolizidi uzito, na sehemu kubwa ya Shinyanga ni tambarare. Ndiyo sababu watu wa huku hudanganyika kwa urahisi. Wanalijaribu gari kwenye uwanja wa gereji, linaondoka bila kusitasita, wanapeana mikono na kuhesabiana fedha. Swali lenye uzito ni hili: mbuzi akikatiza barabara, au basi likisimama ghafla mbele yenu, gari hilo litasimamaje likiwa na tela lile mgongoni?

Tufanye hesabu, ndugu msomaji, wala tusiiogope. Karasha la taya lenye mdomo wa milimita 150 kwa 250 huwa karibu na tani moja. Injini ya dizeli ya silinda moja, ile ya kupozwa kwa maji, ni kama kilo 150. Fremu ya chuma ya kukalia mitambo hiyo, tuseme kilo 100. Pipa la lita 200 la dizeli, likijaa, lina kilo zipatazo 185, pipa lenyewe likiwamo. Tela tupu tulikadirie kilo 350. Jumla ni kilo 1,785. Gari dogo la mizigo analolisema mama huyu, likiwa tupu, haliwezi kuzidi sana kilo 1,300. Pamoja na dereva na mwenzake ni 1,450. Maana yake, kinachokokotwa ni kizito kuliko kinachokokota, na tela hilo, kama mengi ya mtaani, halina breki hata moja. Breki za gari peke yake, pamoja na mshiko wa matairi yake manne, ndizo zitakazousimamisha msafara mzima wa kilo zaidi ya 3,200. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, kwenye lami kavu, gari peke yake hutumia kama mita 40 tangu breki zinaposhika hadi kusimama. Likiwa na tela hilo, kwa hesabu rahisi, zitakuwa karibu mita 90. Huo ni karibu urefu wa uwanja wa kandanda, na bado sijahesabu muda wa dereva kushtuka na kuhamisha mguu. Kwenye changarawe ongezeni tena.

Mimi mwenyewe nimekwisha kuilipa ada ya somo hili. Miaka mingi iliyopita nilipewa lifti na jamaa aliyekuwa akikokota kompresa kuelekea Geita kwa gari la namna hiyohiyo. Ardhi ya Geita si kama ya Shinyanga. Ina vilima, na barabara hupanda na kushuka. Tulikuwa tukishuka, mwendo wetu si wa kutisha, mara wakatokea mbuzi. Dereva akakanyaga breki. Gari likatii, tela likakataa. Likatusukuma kwa nyuma, likatokea ubavuni, mkono wake ukajikunja, na sote tukageuka kutazama tulikotoka. Vijana wawili walikuwa wamekaa juu ya kompresa. Mmoja aliinuka akajifuta vumbi. Wa pili, utingo wetu, alivunjika nyonga, na hadi leo anatembea kwa fimbo. Mbuzi hawakuguswa. Injini ya gari lile, nataka ieleweke, ilikuwa nzima kabisa.

Basi anayetaka gari la kukokotea aanze kwa mzigo, si kwa gari. Aupime kwanza. Wilaya zetu zinalima pamba, na penye pamba pana mizani. Ombeni ghalani mpime injini na vifaa kimoja kimoja. Karasha lenyewe halitapandishwa kwenye mizani ya pamba, lakini uzito wake mara nyingi umegongwa kwenye kibati cha kiwandani. Jihadharini pia na mzigo wa mawe. Tela lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.2 na kimo cha nusu mita kasoro, likijazwa mawe yaliyovunjwa hadi ukingoni, hubeba tani moja na nusu au zaidi. Aliyezoea kulijaza maranda au magunia ya mkaa hawezi kuamini.

Uzito ukijulikana, ndipo utafutwe mwenzake. Kanuni ninayoishika mimi, nayo ni kali kuliko ya wauza magari, ni kwamba gari lililopakia watu wake liwe zito kuliko tela lililojaa, na tela lolote linalozidi kilo 750 liwe na breki zake lenyewe. Kipimo hicho cha kilo 750 sikukiokota njiani. Ndicho kinachotumika Ulaya na Australia kwa matela yasiyo na breki. Hata Land Cruiser za mfululizo wa 70, hizi ambazo vijana huziita mkonga na ambazo migodi inazipenda, huko Australia huruhusiwa kukokota hadi kilo 3,500 tela likiwa na breki, na kilo 750 tu likiwa halina. Gari ni lilelile na injini ni ileile. Kilichobadilika ni breki za tela.

Kuhusu aina za magari sitasema mengi, kwa kuwa soko la magari yaliyotumika lina kila kitu. Magari madogo ya familia yanayovutwa na magurudumu ya mbele hayafai kwa kazi hii: uzito wa tela hukandamiza nyuma, mbele hunyanyuka, na usukani huwa mwepesi mkononi kama wa baiskeli. Tafuteni gari lenye chesesi ya chuma chini ya bodi, lenye urefu wa kutosha kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na ndoano isiyotokeza mbali nyuma ya ekseli. Mlalieni chini mtazame kutu, hasa mahali ndoano ilipofungwa. Muulizeni muuzaji klachi ilibadilishwa lini na kwa nini. Gari lililokwisha kufanya kazi ya kukokota machimboni huwa limechoka klachi, difu na rejeta, hata kama rangi inameremeta. Trekta lina nguvu na uzito, nami nalisifu kwa safari fupi za shambani hadi machimboni, lakini kulipeleka kutoka Kahama hadi Nyarugusu ni kuwachosha watu na kuwachelewesha walio nyuma. Guta lisitajwe.

Tela nalo lina haki ya kutazamwa kama gari. Mafundi wetu wanajua kuchomelea. Mengi ya matela yao yametokana na ekseli za magari yaliyokufa, na sioni aibu yoyote katika hilo. Ila ekseli hiyo mara nyingi ilikuja na breki zake, zikang'olewa ili kupunguza gharama. Mwambieni fundi azirudishe, na mkono wa tela autengeneze wa kuingia na kutoka: gari linapopunguza mwendo, tela husukuma mkono wake kwa mbele, na msukumo huohuo ndio unaokaza breki. Hakuna umeme wala ufundi wa ajabu. Matairi yawe ya kipimo kimoja na ya gari, ili tairi moja la akiba litumike kote. Minyororo miwili ya usalama ipite chini ya mkono kwa kupishana, ili ndoano ikifyatuka mkono udakwe usichimbe barabara. Pini iwe na kizuio chake halisi. Nimeona pini ikizuiwa kwa msumari uliopindwa, na nimeona pia msumari huo ukidondoka kwenye mawimbi ya changarawe.

Upakiaji ndio mahali ambapo hata wazoefu hukosea. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli, ukielemea mbele kidogo, kiasi kwamba katika kila kilo 100 za tela, kilo 10 hivi zikalie ndoano. Kwa tela la mama wa Kahama hizo ni kilo 180 zinazokandamiza mgongo wa gari, nazo zihesabiwe kama mzigo wa gari lenyewe. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, tela huanza kupepesuka huku na huku, na mwendo ukizidi kupepesuka huko hukua hadi dereva akanyang'anywa gari. Likianza, ondoeni mguu kwenye mafuta, shikeni usukani wima, wala msikanyage breki kwa nguvu. Kisha simameni mpange upya.

Jambo dogo la njiani. Zamani mwenye kutoka Mwanza kwenda Geita alisimama kivukoni Kigongo, na katika foleni ile ndefu hata dereva mvivu alishuka akatazama ndoano na kamba. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, tunapita ziwani bila kusimama, na ni neema kubwa. Lakini ule ukaguzi uliofanywa kwa sababu ya uchovu wa kungoja umekufa pamoja na foleni. Simameni Usagara, mgusie vitovu vya magurudumu ya tela. Kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, beringi inaomba grisi. Na mwendo: sheria ya usalama barabarani inaweka kilometa 80 kwa saa kuwa kikomo cha magari yanayozidi kilo 3,500 nje ya makazi. Mwenye tela, hata akiwa chini ya uzito huo, mimi ningemwomba abaki 60.

Sasa nimjibu mama. Msilinunue gari hilo. Silikatai kwa uzee wake. Nalikataa kwa sababu ni jepesi kuliko mzigo wenu na tela lake halina breki. Chukueni daftari mwandike karasha linahama mara ngapi kwa mwaka. Likihama mara tatu au nne, kodini Canter, mlipandishe karasha juu ya bodi kwa magogo matatu na winchi ya mnyororo, mlifunge pande zote nne, na fedha zenu zibaki zikifanya kazi nyingine. Tani moja na nusu juu ya Canter ya tani tatu ni mzigo ambao breki zake ziliundwa kuubeba. Likihama kila mwezi, hapo subirini, ongezeni akiba, mtafute Land Cruiser au Land Rover ndefu, na tela lenye breki, na someni hati ya bima mwone kama tela limetajwa humo.

Umeandika pia, mama, kwamba wakati wa likizo watoto hupenda kufuatana na baba yao, na kwamba juu ya tela pana nafasi. Hapo hapana nafasi.

Jumapili ijayo nitamjibu ndugu wa Shinyanga mjini aliyeuliza juu ya kuhifadhi dizeli ndani ya nyumba ya kupanga.