Kasi ya mita 10,000 yasubiriwa kwa hamu, lakini je, italeta dhahabu?

KILA msimu wa riadha unapokaribia, wapenzi wa mbio ndefu hujiuliza swali lile lile: ni lini, na ni katika uwanja upi, mwanamume wa kwanza atakapokamilisha mizunguko 25 kwa muda usiofika dakika 26? Swali hilo limepata uzito zaidi huku mataifa yakielekeza macho kwa Mashindano ya Dunia ya Riadha yatakayoandaliwa Beijing, Uchina, mwaka 2027.

Kwa Kenya, hata hivyo, lipo swali jingine lililo zito kuliko hilo. Mbio za kasi zikipatikana, je, zitawasaidia wanaume wa nchi hii kutwaa taji ambalo limewaponyoka kwa muda mrefu?

Ikumbukwe kwamba dhahabu ya pekee ya Kenya katika mbio za wanaume za mita 10,000 kwenye Olimpiki ililetwa na Naftali Temu kutoka jiji la Mexico mwaka 1968. Katika Mashindano ya Dunia, Mkenya wa mwisho kushinda mbio hizo alikuwa Charles Kamathi mwaka 2001 mjini Edmonton, Canada, alipokomesha utawala wa Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Tangu hapo, dhahabu imekwenda Ethiopia, Uingereza, Uganda na, mwaka 2025, Ufaransa.

Si kwamba Wakenya hawana kasi. Yobes Ondieki ndiye aliyekuwa mwanamume wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya dakika 27, aliposajili dakika 26:58.38 mjini Oslo mwezi Julai mwaka 1993. Mwaka uliofuata, katika jiji lilo hilo, William Sigei aliishusha rekodi hiyo hadi 26:52.23. Paul Tergat naye aliandikisha 26:27.85 mjini Brussels mwaka 1997. Lakini Tergat huyo huyo, aliyekuwa ameshika rekodi ya dunia, alishindwa na Gebrselassie kwenye fainali ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 kwa tofauti ya sekunde 0.09 tu, baada ya kuambulia fedha pia mjini Atlanta mwaka 1996.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Mbio za kutafuta muda na mbio za kutafuta nishani zina umbali mmoja, lakini ni kazi mbili tofauti.

Rekodi ya dakika 26:11.00 ambayo Joshua Cheptegei wa Uganda aliweka mjini Valencia, Uhispania, Oktoba 7, 2020, inaonyesha vyema jinsi mbio za kasi zinavyotengenezwa. Kila mzunguko ulihitaji wastani wa sekunde 62.84. Usiku ulichaguliwa ili kuepuka joto. Taa ziliwekwa kwenye ukingo wa ndani wa uwanja, zikimulika kwa kasi iliyopangwa ili mkimbiaji asipoteze hata sekunde moja kwa kukisia. Mbele yake walitangulia waweka kasi, miongoni mwao Mkenya Nicholas Kimeli, ambaye alimwongoza Mganda huyo hadi karibu nusu ya safari kabla ya kujiondoa. Cheptegei aliikimbia nusu ya pili kwa kasi zaidi kuliko ya kwanza.

Kuvunja kizingiti cha dakika 26 kutahitaji kila mzunguko ukamilike kwa chini ya sekunde 62.4. Tofauti hiyo ya chini ya nusu sekunde inaonekana ndogo, lakini ikirudiwa mara 25 inazidi sekunde 11, sawa na takriban mita 70 uwanjani. Viatu vya kisasa vyenye povu jepesi na bamba gumu ndani ya soli vimesaidia kupunguza uchovu wa misuli, ingawa tangu Novemba 2024 unene wa soli za viatu vya uwanjani umewekewa kikomo cha milimita 20. Kwa hivyo, atakayetaka muda huo atahitaji hali nzuri ya hewa, waweka kasi watakaodumu mbali na wapinzani watakaomsukuma hadi mwisho.

Mbio za aina hiyo zina umuhimu mwingine usioonekana kwa macho ya mashabiki. Muda wa kufuzu moja kwa moja kwa Olimpiki ya Paris 2024 na Mashindano ya Dunia ya Tokyo 2025 ulikuwa dakika 27:00.00, yaani sekunde 64.8 kwa kila mzunguko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Eldoret iko juu zaidi. Hewa nyepesi inayowajenga Wakenya mazoezini ndiyo inayowanyima muda huo wanaposhindana nyumbani. Ndiyo sababu mchujo wa Kenya wa mita 10,000 kwa ajili ya Paris ulifanyika Eugene, Marekani, mwezi Mei mwaka 2024. Daniel Mateiko alishinda kwa 26:50.81, akifuatwa na Kimeli na Bernard Kibet, wote watatu wakitenganishwa na sekunde 0.28 pekee.

Tiketi zikapatikana, lakini dhahabu haikupatikana. Fainali ya Paris, iliyofanyika Agosti 2, 2024, ilikuwa ya kasi kuliko zote katika historia ya Olimpiki. Waethiopia watatu walipokezana uongozi wakitumaini kuwachosha wapinzani. Mpango huo uliwachosha wengi, ila si wale waliohitajika kuchoka. Cheptegei alivumilia, akachomoka mwishoni na kushinda kwa 26:43.14. Kibet alimaliza wa tano, sekunde 0.84 nyuma ya mshindi, akiwa amekimbia kwa kasi zaidi ya sekunde saba kuliko mchujoni. Pengo lililomnyima nishani halikutokana na mizunguko 24 ya kwanza, bali na ule wa mwisho.

Beijing yenyewe ina kumbukumbu chungu kama hiyo. Mwaka 2015, katika uwanja ule ule maarufu kama Kiota cha Ndege, Geoffrey Kamworor, Paul Tanui na Bedan Karoki waliungana kusukuma kasi ili kumvunja Mo Farah wa Uingereza. Farah hakuvunjika. Alishinda kwa 27:01.13, Kamworor akatwaa fedha na Tanui shaba.

Kwa upande mwingine, fainali ya Tokyo mwaka 2025 ilienda polepole katika joto kali. Jimmy Gressier wa Ufaransa alishinda kwa 28:55.77, zaidi ya dakika mbili nyuma ya muda wa Paris, huku fedha ikienda kwa Yomif Kejelcha wa Ethiopia na shaba kwa Andreas Almgren wa Sweden. Hakuna Mkenya aliyepanda jukwaani. Inadhihirika basi kwamba Kenya imeshindwa mbio zikiwa za kasi, na imeshindwa zikiwa za taratibu.

Dawa ya maradhi hayo haiko mbali. Mei 25, 2024, siku ile ile ya mchujo wa Eugene, Beatrice Chebet aliweka rekodi ya dunia ya wanawake ya dakika 28:54.14. Miezi michache baadaye, alinyakua dhahabu ya Paris katika fainali ya taratibu ya 30:43.25, akiamua mambo kwa mbio za mwisho. Mwaka 2025 alirudia ushindi huo Tokyo. Chebet ana kasi ya saa na kasi ya kengele, na hakuna anayeweza kuchagua aina ya mbio itakayomwangusha.

Kwa wanaume, wasimamizi wa timu wanakabiliwa na uamuzi mgumu. Mchujo ukifanywa kuwa mbio za kusaka muda pekee, watateuliwa wale wanaojua kufuata mwendo uliopangwa na mtu mwingine. Ukifanywa nyumbani bila kujali muda, huenda washindi wakakosa tiketi. Njia iliyo salama ni kusaka muda mapema katika viwanja vya nchi za nje, kisha kuwapima wanariadha katika mashindano ambamo mita 400 za mwisho ndizo zitakazoamua nani atavaa jezi ya taifa.

Siku ambayo mtu atavuka mstari kabla saa haijafika dakika 26, ulimwengu utasimama kushangilia, na yamkini atakuwa mwana wa Afrika Mashariki. Lakini wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Beijing hakutakuwa na waweka kasi wa kukodiwa, na Wakenya wataulizwa tena swali walilokosa jibu lake Paris na Tokyo: kengele ikilia, nani kati yao yuko tayari?