Ni Ulimi Wake, Si Dharau

Mwezi huu tuongelee ugomvi mdogo unaoharibu raha mezani. Mama amepika chainizi, ugali wa ulezi umeiva vizuri, samaki wa Kirando yupo pembeni. Baba anaonja, anasukuma bakuli: "Mboga chungu hii!" Mama anaonja, haoni uchungu wowote. Kesi inaanza: siku hizi hunipendi, unataka cha mama yako!

Jamani, huenda wote wawili wanasema kweli.

Mwaka 1931 huko Marekani, mkemia Arthur Fox alipeperusha kwa bahati mbaya unga wa kemikali iitwayo PTC. Mwenzake akalalamika uchungu mdomoni. Fox hakuhisi kitu. Mwaka 2003 jeni inayohusika ikapatikana, TAS2R38. Kila mtu anarithi nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ukipata mbili kali, uchungu unakupiga sawasawa. Ukikosa zote, huenda usihisi kabisa. Na chainizi, kabichi na sukuma wiki, ambazo ni ukoo mmoja, zina kemikali zinazofanana na hiyo.

Msisingizie kabila. Utafiti wa mwaka 2012 uliwapima Waafrika 611 wa jamii 57, wakulima, wafugaji na wawindaji. Tofauti za jeni hii hazikufuata aina ya chakula wanachokula.

Ulimi mkali una faida pia. Vipokezi hivyo viko hata puani, vinanusa kemikali za bakteria na kuamsha kinga.

Tatizo ni pale mtu anapoacha mboga moja kwa moja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu ni nyingi, lakini mlo usio na mchanganyiko ni mojawapo. Na watoto huhisi uchungu kuliko wakubwa, hivyo anayetema mboga si lazima awe mtukutu.

Ufanyeje sasa? Chemsha mboga kidogo, mwaga maji ya kwanza, unga kwa karanga, chumvi kiasi. Ikishindikana, badilisha: mchicha, matembele, majani ya maboga. Mtoto mpe kidogo kidogo, leo na kesho, bila fimbo.

Na wewe baba, kabla hujasukuma bakuli, sema asante kwanza. Hiyo haihitaji jeni.