NYAYA CHAKAVU NI UGONJWA WA NYUMBA



Sisi wauguzi twajua kwamba jeraha la umeme huweza kuonekana dogo juu ya ngozi, kumbe nyama ya ndani imeungua na mapigo ya moyo yamevurugika. Kwa hiyo twasema wazi: kubadilisha nyaya chakavu si anasa. Ni kinga, kama ilivyo chanjo.

Dalili ni hizi: soketi au swichi kupata moto au kuwa nyeusi, harufu ya plastiki inayoungua, taa kufifia na kuwaka ovyo, fyuzi kuungua mara kwa mara, nyaya kupasuka au kutafunwa na panya, kuhisi shoti ukigusa jokofu au bati. Waya wa umeme ukigusa bati, hata waya wa kuanikia nguo uliofungwa kwenye paa huweza kuua. Tena, kuweka waya mnene mahali pa fyuzi ni kumfukuza mlinzi.

Ukiona dalili hata moja, zima swichi kuu, umwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

Gharama ni kubwa, twaelewa. Lakini hapa Lembeni twachangiana harusi na misiba. Je, Jumuiya zetu Ndogo Ndogo zishindwe kumchangia mjane nyaya mpya kabla ya msiba?

Mtu akinaswa, usimguse. Zima umeme kwanza. Kisha mleteni hospitali, hata akisema amepona.