Kabla ya kumchagua mbwa, soma jina lake

Mwezi uliopita nilipata ujumbe wa sauti kutoka Brussels. Yaya wangu, mtoto wa baba mkubwa, anaishi huko na mke wake na binti mmoja wa miaka kumi na mmoja, katika fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Binti anataka mbwa. Wazazi wamekubali kwa masharti matatu: awe mdogo, asisumbue majirani kwa kelele, asinuke. Mfugaji mmoja akawaambia kwamba mbwa wa namna hiyo yupo, tena asili yake ni kwao Kongo, na anaitwa Basenji. Ndipo mtoto akachukua simu ya baba yake, akaniuliza kwa Kifaransa kilichochanganyika na Kiswahili cha nyumbani: «Papa leki, wewe unasoma lugha za kwetu. Basenji maana yake nini?»

Niliusikiliza ujumbe ule mara tatu. Jibu nililijua, na kila msomaji wa jarida hili analijua. Shida yangu ilikuwa namna ya kulitamka mbele ya mtoto huyo, kwa sababu koko wetu, babu yake baba yake, aliitwa hivyo hivyo hapa kwetu, na wala hakuwa mbwa.

Maoni ninayotaka kuyatetea ni haya. Mtu anayetafuta mbwa wa kuishi naye ghorofani na aanze kwa kusoma jina, maana mara nyingi jina ndilo linalohifadhi kazi ambayo mbwa huyo aliumbiwa na watu, na kazi hiyo haiishi kwa sababu tu mbwa amehamia mjini. Jina la Basenji limeitupa habari hiyo, likaweka tusi mahali pake. Na tusi hilo sisi wenyewe hatujaliacha.

Tuanze na majina yanayosema kitu. Yaya alikuwa na orodha. Wa kwanza ni yule ambaye Wabelgiji humwita teckel na Wajerumani humwita Dachshund. Kwa Kijerumani hiyo ni «mbwa wa Dachs», na Dachs ni mnyama anayechimba mashimo marefu na kuishi ndani yake. Kumbe miguu mifupi ni ya kuingia shimoni, na sauti kubwa kuliko mwili ni ya kumjulisha mwindaji aliye juu mbwa wake yuko wapi chini ya ardhi. Mgongo ule mrefu huumia upesi kwa kuruka na kupanda ngazi. Nikamwuliza yaya: ghorofa ya nne bila lifti, na majirani wanaolala mapema? Jina lilikuwa limeshajibu.

Wa pili ni Yorkshire Terrier, mwenye uzito wa kilo tatu hivi, mwepesi kumbeba mkononi. Terrier linatokana na neno la Kifaransa terre, yaani ardhi, kwa sababu mbwa wa ukoo huo walifuata windo hadi mashimoni. Huyu wa Yorkshire alitumiwa kukamata panya katika viwanda vya nguo vya kaskazini mwa Uingereza. Ni mdogo kweli, lakini ni mlinzi wa kila mlio wa ngazi. Wa tatu ni Pekingese, na jina lake linataja Peking, mji wa makao ya wafalme wa China, ambako alilelewa ndani ya kasri. Huyo kukaa ndani ndiko kazi yake ya zamani, ingawa pua yake fupi humpa taabu ya kupumua, hasa wakati wa joto.

Majina haya yana kasoro zake, lakini kila moja linamwelekeza mnunuzi kwa mbwa: mahali alikotoka, windo alilofuata, shimo aliloingia. Sasa tulifungue jina la Basenji kama tunavyofanya katika kipindi cha mofolojia.

Kwa Kilingala, mosenzi ni mtu mmoja, na basenzi ni wengi. Kwa Kiswahili sanifu ni mshenzi na washenzi, na kwa Kiswahili chetu cha Kongo ni mushenzi na bashenzi, kwa kuwa sisi tunasema batu na batoto. Kiambishi ba- ni cha ngeli ya watu, katika wingi. Kwa hiyo Mwingereza anayesema ana Basenji mmoja anatamka neno lenye wingi ndani yake, na akiwa nao wawili huongeza s ya lugha yake juu ya ba- ya lugha zetu. Kosa hilo la hesabu ni dogo. Kubwa ni la nomino. Usemi wa asili ulikuwa «mbwa wa basenji», yaani mbwa wa watu wa kijijini, wale walioonwa kuwa washamba wasiostaarabika. Usemi ukakatwa kichwa. Nomino mbwa ikaanguka, kikabaki kile kilichokuwa kinaeleza mwenye mbwa. Katika jina la mbwa huyu hamna mbwa. Mna watu, na watu hao wametukanwa.

Wakati huo kukatwa huko hakukuwa mchezo. Mwaka 1895 mbwa wawili kutoka Kongo walionyeshwa London katika maonyesho ya Crufts, wakafa kwa ugonjwa muda mfupi baadaye. Ilikuwa miaka ya 1930 ndipo Bi Olivia Burn alipofaulu kuwafuga Uingereza, akawapeleka Crufts mwaka 1937, na kwa jina la Basenji wakapata umaarufu. Miaka hiyo hiyo huku kwetu neno basenji lilikuwa neno la utawala. Wabelgiji waliwagawa Wakongo: upande mmoja basenji wa vijijini, upande wa pili wale walioitwa évolués, waliokwisha kupiga hatua. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 kadi ya usajili, ili mtu aweze kuthibitisha kwa karatasi kwamba yeye si mmoja wa basenji. Patrice Lumumba, alipokuwa karani wa posta mjini Stanleyville, ndiyo Kisangani yetu, alipata kadi ya usajili mwaka 1954. Kama mtu wa akili ile alilazimika kuitafuta kadi hiyo, tunaweza kukisia neno lenyewe lilikuwa na uzito gani kwa asiyekuwa nayo.

Koko wetu hakuwa nayo. Alikuwa mwindaji wa Kilengola upande wa Ubundu, siku ambazo Ubundu iliitwa Ponthierville, na reli iliyoanza kazi mwaka 1906 ilibeba watu na mizigo kukwepa maporomoko ya Boyoma. Alikuwa kijana wakati huo, akapakia mizigo stesheni, na msimamizi aliwaita yeye na wenzake kwa neno hilo moja, kama vile hawakuwa na majina. Alitusimulia bila hasira. Alichosisitiza ni kwamba jioni alirudi kwa mbwa wake.

Nilimkuta akiwa mzee na mbwa wake wa mwisho: mwekundu, kifua cheupe, masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja juu ya mgongo. Hakuwa na cheti cha ukoo, lakini ukimweka kando ya picha za Basenji utasema ni ndugu. Shingoni alivaa kengele ya mti. Mbwa wa namna ile hukimbia msituni kimya, na bila kengele mwindaji hajui windo linafukuzwa upande gani. Njiani koko aliziba kengele kwa majani ili isilie, na walipofika mahali pa kuwinda aliyatoa. Jina la mbwa lilikuwa sentensi nzima ya Kilengola, ambayo kwa Kiswahili ningeitafsiri «Waache waseme». Kila alipomwita mbwa, majirani waliokuwa wakimsengenya walisikia ujumbe wao. Huko kijijini jina la mbwa ni maneno ya mwenye mbwa kwa wenzake. Wageni walipolibadilisha, likawa maneno yao juu ya mwenye mbwa.

Hapa ndipo yaya alipokuwa karibu kupotezwa. Mfugaji alimwambia kweli tupu: dume ana kimo cha sentimita 43 hivi na uzito wa kilo 11, jike hupungua kidogo, habweki, hujilamba kama paka, hana harufu. Masharti yote matatu yametimia. Lakini «habweki» ni kukanusha kitenzi kimoja tu. Koromeo lake limeumbwa tofauti, kwa hiyo hatoi mlio ule wa mbwa wengine, ila hulia, huunguruma, huimba kwa sauti inayopanda na kushuka, na akiachwa peke yake anaweza kupiga yowe ambalo ghorofa nzima italisikia. Ni mbwa wa kukimbia. Hupanda uzio, hufungua kabati, hutafuna viti akichoka kukaa, na akiona paka barabarani haisikii sauti ya bwana wake. Wahenga wa pwani walisema mbwa wa msasi mkali naye ni mkali. Kama jina lake lingetoka midomoni mwa waliowinda naye, lingeyasema hayo kabla ya mnunuzi kutoa hata euro moja.

Ipo habari nyingine ambayo jina linaificha. Mbwa waliopelekwa Ulaya na Marekani walikuwa wachache mno, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukaenea katika kizazi chao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Marekani walifunga safari hadi kaskazini-mashariki ya Zaire kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 chama chao kikakubali mbwa hao waandikwe katika kitabu cha ukoo. Siku hizi kuna kipimo cha vinasaba, na nilimwambia yaya asinunue kwa mfugaji asiyeonyesha matokeo yake. Nilimwambia pia wapi dawa ilipatikana kwanza: vijijini, kwa wale wale basenji.

Mwenzangu wa darasa, nilipomsomea rasimu hii, alinipinga. Alisema jina likishakuwa jina, maana yake hufa. Mwenye terrier hafikirii ardhi, na mtoto wa London anayemkumbatia Basenji wake hamtukani mtu. Kuhusu London namkubalia. Neno lililohamia lugha nyingine hukatika mizizi, na sitaki kutumia ujana wangu kuandikia vyama vya mbwa barua za kuomba jina jipya. Lakini kauli yake ina sharti moja: maana hufa pale tu ambapo hakuna tena anayelitumia neno lenyewe. Hapa Kisangani linatumika kila siku. Juma langu la kwanza mjini, katika parseli nilipopanga, niliuliza bei ya maji kwa lafudhi ya Ubundu. Mwanafunzi mwenzangu akacheka, akawageukia wengine: «Mushenzi huyu katokea wapi?» Hakuwa Mbelgiji. Alikuwa mtoto wa hapa, na lugha anayosoma ni ya Kiafrika kama yangu.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa kitivo chetu. La kwanza ni kwa sisi wanafunzi. Tunaandika kazi ndefu kuhusu lugha na ukoloni, kisha tunatoka ukumbini na kumpima mwenzetu kwa kipimo kile kile cha mwaka 1948, ila sasa kadi ni lafudhi. Tuliache neno hilo, si kwa sababu limekatazwa na mtu, bali kwa sababu tunajua lilitengenezwa kwa kazi gani.

La pili ni kwa wahadhiri. Katika eneo la Ubundu peke yake kuna Kilengola, Kikumu, Kimituku na Kigenya. Katika kila moja kuna maneno ya kumwita mbwa wa kuwinda, kumtuma, kumsifu, kumtuliza, kutaja sauti zake moja moja, na majina ya sentensi kama lile la koko. Wanaoyajua ni wazee. Wanafunzi wawili wenye kinasa sauti na nauli ya pikipiki wanaweza kukusanya mengi katika likizo moja. Kazi hiyo ingefaa kuwa mada ya utafiti wa kumaliza masomo, na mimi niko tayari kuanza nyumbani kwetu.

Mtoto nilimjibu siku ya pili yake. Nilimwambia Basenji maana yake ni watu wa kijijini, kwamba lilikuwa neno la kudharau, na kwamba koko wetu aliitwa hivyo huku akiwa na mbwa wa namna hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza mbwa wa koko aliitwaje. Nikamtamkia Kilengola chenyewe mara nne hadi akaweza.

Wazazi wake hutoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo Basenji hawakumchukua. Walikwenda mahali wanapotunzwa mbwa waliotelekezwa, wakachukua jike wa miaka minane, kilo saba, asiye na ukoo unaojulikana. Hubweka mara mbili mtu akipita ngazini, kisha hulala. Binti amempa jina lile la Kilengola, na jirani wa ghorofa ya tatu ameshauliza maana yake.