Kikiharibika Chako, Kikifanya Kazi Chao

Agosti 2025 ilibainika kwamba Volkswagen inawauzia wateja wake wa Uingereza nguvu ambazo tayari zimo ndani ya magari yao. Baadhi ya magari ya umeme ya ID.3 yana mota inayoweza kutoa nguvu farasi 228, lakini programu imeibana iishie 201. Anayezitaka zilizobaki alipe pauni 16.50 kwa mwezi, 165 kwa mwaka, au 649 mara moja. Mimi naona huko ni kumuuzia mtu mali yake mwenyewe.

Watetezi wanasema kutengeneza gari la aina moja hupunguza gharama kiwandani, na mteja hulipia anachokihitaji tu. Sawa. Nakubali pia kwamba intaneti na ramani zinazosasishwa kila siku zina gharama, na ada yake ni halali.

Lakini gharama ya kiti ni ipi? Mwaka 2022 BMW ilitoza pauni 15 kwa mwezi nchini Uingereza kwa kupasha joto viti vya mbele. Waya za kupasha joto zimo tayari chini ya ngozi ya kiti. Uzito wake anaubeba mwenye gari kila aendako. Umeme wake unatoka kwenye gari lake. Waya ikikatika baada ya dhamana kwisha, fundi atalipwa na mwenye gari. Kiwanda hakimletei joto hilo kutoka popote. Kazi yake pekee kila mwezi ni kutomzuia mwenye mali, na kwa kutomzuia huko kinadai malipo. Kikiharibika ni chako, kikifanya kazi ni chao! Biashara gani hiyo?

Wateja walipiga kelele, na mwaka 2023 BMW ikauacha mpango huo wa viti. Wenzao hawakujifunza kitu.

Tusidhani hayo ni ya Wazungu peke yao. Magari yaliyotumika Uingereza na Japani ndiyo yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam, na kufuli za programu zitashuka nayo. Serikali zetu ziweke sheria mapema: kilichomo ndani ya gari kiuzwe pamoja na gari. Kampuni isiyotaka kumpa mnunuzi kifaa, isikiweke.