Bustani ikikataa, tusiwalishe watoto dawa

Kama umewahi kupanda nyanya nyuma ya nyumba zikakufia, unaujua uchungu wake. Mche hulegea adhuhuri, jioni ukainuka kidogo, na baada ya siku chache umekwisha ungali na majani ya kijani. Wengi wetu hukimbilia dukani kununua dawa ya wadudu, tukanyunyizia nyanya na sukumawiki iliyo kando. Kesho yake sukuma hiyo iko mezani, na watoto wanakula.

Hasara ya nyanya ni ya mfuko tu. Hii ya pili ni ya mwili, na kuosha majani kwa maji hakuondoi dawa yote. Isitoshe, huenda hakuna mdudu wa kuuawa.

Chukua mfano wa Birongo, huko Kisii. Nyanda hizo hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na mashamba yamegawanywa hata yakawa vipande. Nyanya hufuata viazi katika udongo ule ule, msimu baada ya msimu. Hapo ndipo mnyauko wa bakteria unapostawi. Kata shina karibu na mzizi, ulichovye katika glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ndio huo. Hakuna dawa ya kunyunyizia itakayouponya, na bakteria hao hukaa udongoni miaka mingi. Ng'oa mimea uichome, wala usiitupe kwenye mbolea. Mahali hapo usirudishe nyanya, viazi, pilipili wala biringanya. Hata managu, ambayo twaiona mboga sugu, ni jamaa ya nyanya.

Mimi ningepanda chinsaga, ile ambayo watu wa pwani huiita mgagani. Ina madini ya chuma na ya chokaa, na vitamini A na C. Kina mama wa Kisii huipika kwa maziwa kupunguza uchungu, na mafuta yaliyomo katika maziwa husaidia mwili kuipokea hiyo vitamini A. Wengine siku hizi huiona mboga ya kishamba. Shauri yao!

Vidukari wakiingia, kata majani waliyoyajaa na uwaoshe wengine kwa maji ya sabuni. Ikibidi kutumia dawa, soma kwenye chupa ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuchuma, na uzingoje zote. Dawa iliyopimwa katika chupa ya soda isiyo na maandishi, usiinunue.

Chinsaga nayo ina visa vyake. Ikianza kutoa maua, yachume, la sivyo majani yatapungua upesi. Na mbegu zilizovunwa juzi hukataa kuota. Zataka kukaa miezi kadhaa. Ukiwa na haraka, omba kwa jirani zile za msimu uliopita.